Kambi ya Askari Iliyogeuka Mtaa

Mji wa Freiburg, ulioko kusini-magharibi ya Ujerumani, husifiwa sana siku hizi kwa nyumba zake zitumiazo nguvu za jua na kwa njia zake zisizopita magari, hata mgeni akadhani kuwa neema hiyo yote imetokana na hekima ya watawala. Lakini mwenye kuichungua tarikhi yake ataona kuwa mengi yaliyo mema humo yalizaliwa na ubishi wa raia.

Usiku wa tarehe 27 Novemba 1944 ndege za Waingereza ziliumiminia mji huo mabomu, zikaua watu zaidi ya elfu mbili na kuteketeza sehemu kubwa ya mji wa kale, ila kanisa kuu likasalimika. Ulipojengwa upya, ilhali miji mingi ilikuwa ikivunja njia zake za kale ili kuyapisha magari, Freiburg ulishika kwa jumla ramani yake ya zamani. Na mwaka 1973 katikati ya mji pakaachiwa waendao kwa miguu.

Miaka miwili baadaye, serikali ya jimbo ilipoidhinisha kujengwa mtambo wa nyuklia huko Wyhl, kando ya mto Rhein, wakulima wa mizabibu, waliochelea kuwa mvuke wake ungewazuilia jua zabibu zao, waliungana na wanafunzi wa chuo kikuu, watu ambao aghalabu hawakuwa na maneno ya kuambiana, wakaikalia ardhi ile kwa miezi kadhaa. Na mtambo ule haukujengwa abadan. Waliokataa nyuklia walilazimika kuonyesha badala yake, na tangu hapo habari za jua na za kuhifadhi joto zikawa mazungumzo ya kila siku mjini.

Kisha ikaja fursa. Kambi ya mjini humo iliyojengwa kwa ajili ya jeshi la Ujerumani kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na ambayo Wafaransa walipoitwaa waliipa jina la Vauban, yule mjenzi wa ngome wa Mfalme Louis wa Kumi na Nne, iliachwa tupu mwaka 1992. Serikali ya mji ikainunua ardhi; wanafunzi na watu wasiokuwa na makao wakapigania majengo ya askari yasibomolewe yote, wakapata baadhi yake; na raia wakaunda chama, Forum Vauban, ambacho madiwani walikikubali kuwa msemaji wa raia katika shauri la ujenzi. Badala ya kuuziwa tajiri mmoja, viwanja viligawanywa vidogo vidogo, na jamaa kadhaa wakachanga fedha, wakaajiri msanifu wao, wakawa wamekwisha kuwa majirani kabla ya msingi kuchimbwa.

Lililo la ajabu zaidi, kwa rai yangu, ni shauri la magari. Sheria ya jimbo ilitaka kila makao yawe na mahali pa kuegesha gari, nao walikuwamo wengi wasiokuwa nalo wala wasiolitaka. Basi ikapatikana hila ya halali: asiye na gari huandika ahadi kuwa hana, hununua hisa katika kiwanja kilichowekwa akiba, iwapo siku moja banda la magari litahitajiwa, na kiwanja hicho hubaki wazi. Mwenye gari huliweka pembeni mwa mtaa, kwa bei isiyo ndogo. Tramu ikafikishwa huko mwaka 2006.

Haifai, hata hivyo, kuufanya mtaa huo kuwa pepo. Fedha za serikali za nyumba za bei nafuu zilipopungua, waliokaa humo wakawa zaidi ni wasomi wenye kipato cha kutosha. Na mwaka 2011 watu waliokuwa wakiishi katika magari ya kukokotwa kwenye kiwanja kilichoko mlangoni mwa mtaa waliondoshwa na polisi, ikajengwa hapo hoteli.