Njia ya Reli ya Mayumbe na Miti Yake

Sisi wakaaji wa mashariki tumezoea kusimulia habari za reli za shaba. Leo tungependa kukumbuka ndugu yao mdogo wa magharibi, ile reli ya miti ya Mayumbe.

Misitu ya Mayumbe iko kaskazini ya Boma, mji uliokuwa makao makuu ya nchi tangu 1886. Mwaka 1898 kampuni iliundwa ili kujenga reli kutoka bandari hiyo kuingia msituni. Mwaka 1901 reli ilifika Lukula, karibu km 80. Baadaye ikaendelea mpaka Tshela, jumla yapata km 140. Kati ya chuma na chuma palikuwa na sm 61 tu, kwa kuwa reli nyembamba hupinda kwa urahisi milimani na gharama yake ni ndogo.

Kazi yake ilikuwa kuteremsha mali: magogo na mbao za mti uitwao limba, mawese, kakao na ndizi, vyote kuelekea melini. Waliokata miti na kuvuta magogo walikuwa wenyeji. Joseph Kasa-Vubu, mwana wa Mayumbe aliyesoma katika seminari ndogo ya Mbata-Kiela, alikuwa karani wa kampuni ya miti ya Agrifor kabla ya kwenda Léopoldville mwaka 1942. Mwaka 1960 akawa Rais wetu wa kwanza.

Lakini reli hii haikuungana kamwe na ile ya Matadi. Boma iko ukingo wa kuume wa mto, Matadi ukingo wa kushoto. Tena, kati ya 1923 na 1932, reli ya Matadi ilipanuliwa. Ya Mayumbe ikabaki nyembamba. Ilijua njia moja tu, ya kwenda baharini. Malori yakainyang'anya mizigo. Mwaka 1983 daraja la Matadi, lenye m 722, lilifunguliwa, nalo lilitayarishwa kupokea reli pia. Mwaka uliofuata, 1984, reli ya Mayumbe ikafungwa.

Tujifunze nini? Reli iliyopangwa kwa ajili ya mzigo peke yake hufa mzigo unapopata njia nyingine. Msitu nao una hesabu yake. Huko Luki, penye hifadhi tangu 1937, wataalamu walipanda limba pamoja na migomba. Kutoka Boma mpaka Lukula reli ilijengwa kwa miaka mitatu. Bali mti wa limba, anayeupanda huwapandia wanawe.