Humphry Davy na Msaidizi Wake

Michael Faraday, fundi wa kujalidi vitabu, aliajiriwa katika Royal Institution ya London mwezi Machi 1813, akiwa na umri wa miaka 21, awe msaidizi wa Humphry Davy, bingwa wa kemia. Oktoba mwaka ule wakasafiri Ulaya. Mtumishi wa Davy alikataa kwenda, basi kazi ya kutunza nguo na mizigo ikamwangukia Faraday, na mke wa Davy akamhesabu mtumishi hasa. Lakini katika safari hiyo hiyo aliona iodini ikichunguzwa Paris, na almasi ikiteketezwa Florence ili ijulikane kuwa ni kaboni tupu. Chuo gani kingalimpa kijana maskini mafunzo kama hayo?

Davy alikuwa mkali, na sifa ya mwanafunzi ilipokua, ukali ulichanganyika na kijicho. Faraday alipopendekezwa kuingia Royal Society, Davy, aliyekuwa rais wake, alipinga. Januari 1824 Faraday alichaguliwa, kukiwa na kura moja tu ya kumkataa. Ya nani, kura ya siri haisemi.

Davy alifariki Geneva mwaka 1829. Mwaka 1831, katika jengo lile lile alimoajiriwa, Faraday aligundua jinsi sumaku izaavyo umeme. Hata uzeeni alimtaja Davy kwa heshima.