Nukta Moja Chini, Nukta Tatu Juu

Barua yenyewe ni karatasi moja iliyokunjwa mara nne, na imekaa sandukuni Ibra muda mrefu kuliko umri wetu. Iliandikwa Unguja, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Bibi mwenye barua alituruhusu tuisome kwa sharti moja: "Wajukuu zangu, someni mtakavyo, lakini isitoke mlangoni, wala isiende kwenye simu za watu." Alikuwa na sababu. Zamani kidogo jamaa mmoja alipiga picha ya harusi ya nduguye, akaituma kwenye kundi. Wiki haikwisha, picha ikamrudia bibi kutoka kwa watu asiowajua, chini yake pameandikwa jina la mtu mwingine.

Katika makala hii tunaeleza jinsi tulivyoisoma barua ile bila kuvunja sharti, na kosa tulilolifanya njiani. Sisi tumetoka Ibra, Sur na Nizwa. Kiswahili tumekipata jikoni kwa bibi zetu, kusoma na kuandika tumejifunza kwa Kiarabu. Tulidhani barua hii itakuwa rahisi kwetu kuliko kwa mtu yeyote.

Historia ya barua kama hizi wengi wetu tumeisikia nyumbani. Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja, kufikia 1840, familia nyingi za Sharqiyah zilikuwa na mguu mmoja huku na mmoja kule. Majahazi ya Sur yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi. Moja la kizazi cha mwisho, Fatah al-Khair, lililoundwa Sur mwaka 1951, mpaka leo linaonekana pale pale mjini. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, watu wakaondoka na walichoweza kubeba. Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 1970, wengi walikuja Oman. Katika familia zetu, karatasi zilizokuwa Unguja nyingi zilipotea. Zilizosalimika ni zile zilizokuwa zimeshatumwa Ibra. Ndiyo maana barua moja ni kitu kikubwa.

Barua hii inataja nani alipanda jahazi kuja Oman na nani alibaki kuangalia shamba la karafuu. Walikuwa ndugu wawili. Majina yao hatuyaandiki hapa kwa heshima ya familia, lakini yanafanana kama Harith na Harib yanavyofanana katika khati ya Kiarabu: umbo la herufi ni moja, ila la kwanza lina nukta tatu juu ya herufi ya mwisho, na la pili lina nukta moja chini. Kiswahili nacho kina mitego hiyo. Ukifuta nukta, "bibi" na "nini" ni neno moja.

Wino umefifia, karatasi imekuwa ya manjano, na mikunjo imeacha vivuli. Ilitubidi tuisafishe picha yake kwa kompyuta. Kazi hii ina historia yake. Mwaka 1957 Russell Kirsch na wenzake, Marekani, waliiingiza picha ya kwanza katika kompyuta: mtoto wake mchanga, pikseli 176 kwa 176, yaani 30,976 tu. Mwaka 1979 Nobuyuki Otsu wa Japani alitoa njia ya kuifanya kompyuta ichague yenyewe mpaka kati ya weusi na weupe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika Chuo Kikuu cha New Mexico, programu ya Khoros ilimwezesha mtu kuchora kazi yake kwa visanduku vilivyounganishwa kwa mistari, kila kisanduku hatua moja. Zamani kazi hizo zilitaka mashine kubwa za vyuo. Leo kivinjari cha kawaida kinaziweza. Kilipata uwanja wa kuchorea picha, kanvasi, kutoka Apple mwaka 2004, kikapata njia ya kutumia nguvu za kadi ya michoro, WebGL, mwaka 2011, na kufikia 2017 vivinjari vyote vikubwa viliweza kuendesha WebAssembly, programu zinazokwenda kwa kasi kubwa.

Kwa mwenye barua, faida kubwa ni kwamba kivinjari kinaweza kuifungua picha kutoka kwenye diski ya kompyuta na kuishughulikia hapo hapo, bila kuipeleka popote. Tulimwonyesha bibi: tulifungua ukurasa wetu, tukazima Wi-Fi mbele yake, na kazi ikaendelea. Akasema, "Haya, bismillahi."

Mfumo wetu ulikuwa kama falaji. Aliyeiona Falaj Daris ya Nizwa anajua kwamba maji yana utaratibu: ya kunywa kwanza, mitende baadaye. Ukibadilisha utaratibu, anayekunywa atapata maji machafu. Nasi tulipanga visanduku: picha inaingia, inageuzwa kijivu, inapita kichujio cha kuondoa madoa, kisha inagawanywa nyeusi na nyeupe kwa njia ya Otsu. Chini ya kila kisanduku picha ya hatua hiyo inaonekana.

Matokeo yalikuwa safi mno, tukafurahi. Tukalisoma lile jina kwa kukisia, tukamwambia bibi kwamba aliyebaki shambani ni kaka mkubwa. Bibi alinyamaza, kisha akasema, "Sivyo nilivyohadithiwa na mama."

Tukarudi nyuma, kisanduku kwa kisanduku. Katika picha ya kijivu nukta zipo. Baada ya kichujio, hazipo. Kichujio kile hutazama pikseli tisa, tatu kwa tatu, huzipanga kutoka nyeusi hadi nyeupe, na huchukua ya tano. Tulikuwa tumepiga picha ukurasa mzima kwa mbali, kwa hiyo kila nukta ilikuwa pikseli mbili kwa mbili, yaani nne. Nne kati ya tisa haziwezi kushinda. Kila nukta ya barua ilihesabiwa kuwa uchafu ikafutwa, na sisi tukaita kusafisha.

Tukaanza upya. Tulipiga picha kwa karibu, mstari kwa mstari. Kichujio tukakiondoa. Badala ya kugeuza kijivu tukachukua rangi nyekundu peke yake, kwa sababu madoa ya hudhurungi na manjano ya karatasi hung'aa katika nyekundu, na wino wa buluu hubaki mweusi. Na kwa ajili ya vivuli vya mikunjo, hatukuweka mpaka mmoja kwa ukurasa mzima bali kila sehemu mpaka wake. Juu ya jina kulikuwa na alama mbili tatu. Katika nyekundu zilififia zote: madoa. Chini ilibaki nukta moja, nyeusi sawasawa na herufi yenyewe.

Aliyebaki shambani ni mdogo. Bibi alisema, "Basi mama hakukosea," akaomba tuisome tena tangu mwanzo.

Katika somo la historia tunaambiwa tuulize nani aliandika hati, lini, kwa nani. Sisi tunaongeza swali moja: imepita mikono gani kabla ya kutufikia macho? Nakala iliyosafishwa ni tafsiri tayari, hata kama hakuna neno lililobadilishwa. Lau tungekuwa na picha ya mwisho tu, tungeiandika historia ya familia kinyume, tena kwa ushahidi unaopendeza macho. Kilichotuokoa ni kwamba hatua zote zilikuwa wazi mbele yetu, na kwamba mwenye barua alikuwa amekaa karibu.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama wenye masanduku kama hayo nyumbani: picha ya asili isiguswe, kila hatua iandikwe, na wazee waulizwe kabla ya kufuta chochote. Ukurasa wetu tutauleta kwenye mkutano wa chama. Barua hatutaileta. Imesharudi sandukuni.