Usiuze trekta ya mzee kwa kilo

Leo si siasa, si mpira. Leo ni ile trekta nyekundu imekaa nyuma ya nyumba yenu, kuku wanalala juu yake, na mjomba anasema iuzwe kwa watu wa skrapu. Kabla apige simu, skizeni historia kidogo.

Mji huu ulijengwa na ng'ombe. Mwaka wa 1908 Makaburu wa van Rensburg walipanda hapa na magari ya kukokotwa na maksai, wakaanza kulima nyanda ambazo Wamaasai na Wanandi walikuwa wamelishia mifugo. Posta ikafunguliwa kwa shamba nambari 64, ndiyo maana wazee bado wanaita Eldoret "Sisibo". Reli ilifika 1924.

Sasa trekta. Zile za zamani zilivuta plau kama ng'ombe anavyovuta, kwa nyuma tu. Plau ikigonga kisiki, trekta ingeweza kuinuka mbele na kumlalia dereva. Harry Ferguson, fundi kutoka Ireland, akafunga plau kwa mikono mitatu inayoinuliwa na haidroliki, trekta na plau zikawa kitu kimoja. TE20 yake ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya 500,000. Mwaka wa 1953 akaungana na Massey-Harris. Hapo ndipo Massey Ferguson ilitoka, halafu 35, halafu 135 mwaka wa 1964.

Angalia hiyo tarehe vizuri. Uhuru ni 1963. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki shamba kwenye hizi nyanda za wazungu. Aliendesha trekta, hakuwa nayo. Walowezi walipoanza kuuza na kuondoka, watu wakachanga pesa kwa vikundi, wakanunua mashamba. Mwaka huo huo wa 1964 mbegu ya mahindi chotara H611 ikatoka Kitale. Mbegu kama hiyo inataka upande mapema, mvua ikianza tu. Lakini mwezi wa tatu ng'ombe amekonda kwa kiangazi, hana nguvu ya kuvunja udongo mkavu. Trekta haijali kiangazi.

Tusidanganyane pia. Trekta haikumbeba kila mtu. Mwenye nayo alilima kwanza, akakodisha shamba la jirani, akakua. Asiye nayo alingoja foleni, na akipanda amechelewa, anavuna kidogo. Sehemu ya tofauti mnayoona leo kati ya boma na boma ilianzia kwa hiyo foleni.

Mbona hizi za zamani bado zinanguruma? 135 nyingi zina injini ya Perkins ya silinda tatu, hakuna kompyuta. Fundi wa jua kali anaifungua kwa spana chini ya mti. India na Pakistan waliendelea kutengeneza matrekta ya muundo huo, kwa hivyo spea bado zinapatikana. Ubaya wake upo: nyingi hazina fremu ya kukukinga ikipinduka. Kwa mteremko usicheze, na usibebe watoto kwa matgadi.

Mimi niliacha chuo. Wakati wa kulima ndio unaninunulia bando, na kazi yenyewe ni ya vishamba. Shamba la babu limegawanywa, kila mtoto ana eka tatu, nne. Mwenye eka nne hawezi kununua trekta mpya, na trekta kubwa inamaliza nafasi yote kwa kugeuka. Hapo 135 inatosha kabisa.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Skrapu italipa mara moja. Trekta inayowaka italipa kila mwezi wa tatu. Kama gia zimeisha na bloku imepasuka, sawa, uzeni, lakini mpeni mwenye 135 nyingine anayetafuta spea, si mtu wa kupima kwa kilo. Na kabla iondoke, muulize mzee aliinunua kwa nani, alichanga na nani, alilimia nani bure. Washa simu urekodi. Logbook haina hayo majibu, na mzee hatakuwa hapo milele.