Kisamvu cha Mpira

Mwaka 1913 bei ya mpira iliporomoka katika soko la dunia. Mashamba makubwa ya Malaya na Sri Lanka yalikuwa yameanza kutoa mpira mwingi kwa gharama ndogo, na walowezi wa Kijerumani waliotegemea zao hilo huko Muheza, Tanga na Morogoro hawakuweza kushindana nayo. Mwaka uliofuata vita vikazuka. Mashamba yakaota magugu, ila mti wenyewe haukufa. Ulikuwa mpira wa Ceará, mzaliwa wa nchi kame ya kaskazini-mashariki mwa Brazili na ndugu wa karibu wa muhogo. Wenyeji, waliokwishazoea kuchuma majani ya muhogo, wakachuma na haya. Hadi leo mti huo umesimama kando ya nyumba nyingi za Tanga, Morogoro na Pwani, na mboga yake huitwa kisamvu cha mpira.

Naanzia hapo kwa sababu historia ya muhogo huandikwa karibu daima kama historia ya mzizi. Wareno waliutoa Brazili wakaufikisha Kongo katika karne ya 16, na kufikia mwisho wa karne ya 18 ulikuwa umeshaota visiwani na mwambao wa Afrika Mashariki. Nzige walipofagia nafaka mwanzoni mwa miaka ya 1930, watawala wa Kiingereza Tanganyika waliuhimiza, na mara nyingine kuulazimisha, uwe akiba ya njaa, maana nzige hali kilicho chini ya ardhi. Lakini mzizi ni wanga mtupu, protini yake haba. Aliyeshindia ugali wa muhogo alihitaji kitoweo, na kitoweo kilikuwa juu ya mti uleule.

Kukifanya kilike ni elimu kamili, nayo ilikaa mikononi mwa wanawake. Jani bichi la muhogo lina sumu ya sianidi iliyofungwa ndani yake. Kulitwanga kinuni kunaifungua, kisha moto unaifukuza kwa mvuke. Ndiyo maana kisamvu hakikatwikatwi kama mchicha na kuivishwa dakika kumi. Huchumwa majani machanga ya nchani, yakaoshwa, yakatwangwa hadi yalainike kabisa, halafu yakachemshwa chungu kikiwa wazi mpaka harufu ya ubichi iishe. Hapo ndipo vinaingia kitunguu, chumvi na tui jepesi, pengine kunde au karanga zilizosagwa. Tui zito huja mwisho, likikorogwa polepole lisikatike. Wako wanaotia magadi ili kiive upesi. Naona yanakiharibia ladha, na pishi hili halipendi haraka.

Ukifuata Bahari ya Hindi kuelekea kusini unakikuta kila mahali: Msumbiji ni matapa, kwa karanga na nazi, Komoro ni mataba, Madagascar ni ravitoto, mara nyingi pamoja na nyama ya nguruwe. Bara, nazi isikostawi, Rwanda na Burundi wana isombe, na wasemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi hupika sombe kwa mawese na samaki wakavu.

Mti wa walowezi ulikuwa na kazi nyingine bado. Mwaka 1894 wataalamu waliandika kwa mara ya kwanza habari za batobato, maradhi yanayokunja majani ya muhogo na kuyatia madoa ya njano, waliyoyaona Usambara. Katika miaka ya 1930 watafiti wa kituo cha Amani, kwenye milima hiyohiyo, walianza kuuchanganya muhogo na mpira wa Ceará ili kupata mbegu inayostahimili maradhi hayo. Uzao wa kazi hiyo ulifika Nigeria na kuwa msingi wa mbegu nyingi zilizoenea Afrika baadaye.

Jikoni, sifa ya mpira ni nyingine. Muhogo ukichumwa majani mno, mizizi hudumaa. Mpira haudaiwi mizizi, na hustahimili kiangazi. Masokoni sasa kisamvu husagwa kwa mashine na kuuzwa kikiwa tayari kwa chungu, na kinu kimepumzika katika nyumba nyingi za mjini. Kuchemsha hakujapunguzwa na mashine yoyote, wala kusipunguzwe.