Elimu na Usawa katika Nchi ya Meru

Kumfungulia mtoto mlango wa shule ni kazi moja, na kumwezesha kuingia ni kazi nyingine. Ya kwanza yaweza kumalizika siku moja kwa sahihi ya mtawala. Ya pili hudai miaka na mali. Historia ya elimu chini ya Mlima Meru yathibitisha jambo hili.

Shule za kwanza huko zilikuwa za misheni, na mwanzo wake ulikuwa wa damu. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Wajerumani wakalipiza kisasi kikali. Wamisionari walirudi wakakaa Nkoaranga mwaka 1902, na mwaka 1904 wakajenga Ilboru, karibu na boma la Arusha. Si ajabu kwamba wazee wengi waliitazama shule kwa shaka, maana ilikuja nyuma ya bunduki. Hata hivyo Wameru waliipokea mapema kuliko jirani zao Waarusha.

Zamani za utawala wa Waingereza elimu iligawanywa kwa rangi: shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila kundi na fungu lake la fedha. Mwaka 1934 ilifunguliwa mjini Arusha School, shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Mtoto wa Kimeru aliyeshuka mjini na mama yake kuuza ndizi aliweza kuyaona majengo yake, lakini hata angalikuwa na akili kama nini, rangi yake ilimzuia.

Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, aliyafikisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa wakati ule, walakini funzo halikupotea: asiyejua kuisoma sheria wala kuandika hati hunyang'anywa kwa urahisi. Basi fedha za kahawa zikazidi kulipa karo za vijana.

Baada ya Uhuru, ubaguzi wa rangi shuleni ulifutwa tangu Januari 1962. Karo ziliondolewa katika sekondari za serikali mwaka 1964, na katika shule za msingi mwaka 1973. Na mwaka 1974 Azimio la Musoma likaagiza kila mtoto apate elimu ya msingi. Lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, nayo serikali ikazigawa kwa mikoa, ili mikoa iliyotangulia kwa misheni na kahawa isizitwae zote. Hapo haki mbili ziligongana. Mtoto wa mlimani aliyefaulu aliweza kukosa nafasi, akaipata mwenzake wa mbali mwenye alama za chini. Wazazi wake waliona wameonewa. Lakini mtoto wa mkoa usiokuwa na misheni wala kahawa naye hakuuchagua unyonge wake. Wazazi wa Meru, kama wenzao wa Kilimanjaro, wakachanga fedha na kujenga sekondari zao wenyewe.

Karo zilirudi miaka ya 1980, zikaondolewa tena katika shule za msingi mwaka 2001, na katika sekondari za serikali, hadi kidato cha nne, mwaka 2016. Lakini tangu miaka ya 1990 shule za binafsi zifundishazo kwa Kiingereza zimeongezeka Arusha. Mwenye fedha humpeleka mwanawe huko. Asiye nazo humpeleka shule ya kijiji, ambako masomo ni kwa Kiswahili. Kisha watoto hao wawili hukutana katika mtihani mmoja wa kidato cha nne, nao karibu wote huandikwa kwa Kiingereza.

Rangi haiulizwi tena mlangoni. Mfuko ndio uulizwao. Kazi ya kwanza imekwisha kufanywa. Ya pili ni deni la wote waliosomeshwa kwa kodi ya umma.