Kitufe Kinachosikia Kidole

Kwaya yetu ina kinanda kimoja cha elektroniki, kile kidogo cha vitufe 61, ambacho sola ikigoma tunakitilia betri. Jumapili moja mzee mmoja, aliyekuwa akipiga piano parokiani huko Kivu kabla ya vita, alikaribishwa akijaribu. Akapiga noti nne tu, akaondoa mikono. "Mwanangu, hiki hakinisikii." Vijana wakacheka, wakadhani ni masikio ya mzee yamechoka. Mimi pia nilicheka. Baadaye nikasoma historia ya chombo hiki, kumbe mzee alikuwa anataja shida ya miaka mia tatu iliyopita.

Turudi Florence, Italia, karibu na mwaka 1700. Kinanda cha nyumba za wakubwa siku zile kilikuwa hapsikodi. Ukibonyeza kitufe, kijino kidogo cha unyoya wa ndege kinadonoa uzi, kama kuku anavyodonoa punje. Sasa bonyeza kwa hasira au bonyeza kwa huruma, sauti ni ileile. Ndipo Bartolomeo Cristofori, fundi wa vinanda wa ukoo wa Medici, akaondoa kijino akaweka nyundo ndogo. Kusema ni rahisi, lakini nyundo ikigandama kwenye uzi inaua sauti. Kwa hiyo akabuni mtambo unaoirusha nyundo, inapiga, halafu inajiachia yenyewe hata kama kidole bado kimekandamiza kitufe. Kidole kikienda taratibu, nyundo inakwenda taratibu. Kikienda kwa nguvu, nayo inaruka kwa nguvu. Piano zake tatu zipo mpaka leo. Ya zamani kuliko zote, ya mwaka 1720, iko Metropolitan Museum, New York.

Na jina lenyewe linatoka hapo. Kwa Kiitaliano "piano" ni kwa sauti ya chini, "forte" ni kwa nguvu. Chombo kiliitwa hivyo kwa sababu kiliweza yote mawili. Mbao na ukubwa wake havimo katika jina.

Ukubwa ulikuja baadaye. Kumbi zilipanuka, watu wakataka sauti nzito, nyuzi zikakazwa zaidi mpaka mbao zikashindwa kuvumilia. Mwaka 1825 Alpheus Babcock wa Boston alipata hataza ya fremu ya chuma iliyomiminwa kwa kipande kimoja. Piano ya leo ina vitufe 88 na nyuzi zaidi ya 200, zikivuta kwa pamoja kwa nguvu ya tani 15 na zaidi. Mvua ikinyesha mbao zinavimba, kiangazi zinasinyaa, na kila mara fundi anaitwa kuilinganisha. Ni chombo cha mtu mwenye nyumba asiyetarajia kuhama. Sisi tuliokimbia na godoro na sufuria tunajua ni kitu gani kinabebeka kichwani.

Lakini msidhani waliotafuta piano nyepesi walikuwa wafanyabiashara peke yao. Wakati wa vita kuu ya pili, Mmarekani Harold Rhodes, mwalimu wa piano, alikuwa anafundisha askari majeruhi. Hawa walikuwa watu wa kulala kitandani, piano wangeikalia vipi? Akachukua mabomba ya alumini ya ndege za kivita za B-17, akatengeneza kinanda cha vitufe 29 cha kuwekwa mapajani. Vyuma vya ndege ya mabomu vikawa muziki wa wagonjwa! Kilikuwa na nyundo, na hakikuhitaji umeme hata kidogo. Piano za umeme zilizobeba jina lake miaka ya 1960 na 1970 ziliendelea kutumia nyundo, na zilimsikia mpigaji.

Kisha kompyuta ikaingia. Mwaka 1983 Yamaha walitoa DX7, na mwaka huohuo viwanda vikakubaliana lugha moja ya vinanda kuzungumza, yaani MIDI. Humo hakuna nyundo wala uzi wa kupigwa. Chini ya kitufe kuna migusano miwili. Mashine inapima muda kati ya wa kwanza na wa pili, inajua kidole kimekuja kwa kasi gani, na kasi hiyo inaandikwa kwa namba, 1 hadi 127. Kazi ya Cristofori imefanywa tena kwa hesabu.

Shida ni kwamba vinanda vya bei ya chini kabisa huondolewa kipimo hicho ili gharama ipungue. Cha kwetu ni cha aina hiyo. Sauti ya piano imo ndani, hata za tarumbeta na ngoma zimo, ila vitufe vyake ni vya hapsikodi.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema cha elektroniki si piano ya kweli. Piano ya mbao ingekaa hapa misimu miwili, mchwa wangeimaliza. Ila ninyi wa mashirika mnaotununulia vifaa, na sisi tunaoandika maombi, kabla ya kulipa tubonyeze noti moja polepole, halafu kwa nguvu. Sauti isipobadilika, tuulize kingine. Tofauti ya bei ipo, sikatai. Lakini mtoto anayejifunza kwenye kitufe kisichosikia hajui kama mkono wake una upole.

Kwa sasa kwaya imepata njia yake. Wakati wa sala, kijana anapiga kwa mkono wa kulia, na dada yake amekaa pembeni ameshika kile kitufe cha sauti, anakizungusha chini, anakizungusha juu, akimtazama mwalimu wa kwaya machoni.